Skafu Nzuri, Shingo Salama

Baridi ya Juni na Julai huku nyanda za juu huwafanya akina mama wengi kushika fremu za kufumia. Masalio ya nyuzi za sweta za shule, badala ya kutupwa, hugeuzwa skafu za rangi nyingi. Nyuzi imara hutandwa kwa urefu, vipande vifupi hupitishwa kwa upana. Tunawapongeza, hata sisi huzivaa tukitoka zamu ya usiku.

Ila urefu wake hatuupendi. Skafu ya mita mbili, yenye matamvua, juu ya pikipiki ni hatari. Ncha ikinaswa na mnyororo au gurudumu la nyuma, shingo hukazwa kabla dereva hajashika breki. Ubongo ukikosa damu, mtu huzimia kwa sekunde chache. Mwaka 1927, huko Nice, Ufaransa, mcheza dansi mashuhuri Isadora Duncan alikufa hivyo: skafu yake ndefu ilinaswa na gurudumu la gari.

Sisi wauguzi tunaona wafumaji ndio waanze, wasiwaachie abiria. Tena masalio yenyewe ni machache! Mita moja na robo inatosha, bila matamvua marefu. Ya mtoto mdogo isifungwe fundo kabisa: ishoneeni kifungo cha kubana, kinachoachia kikivutwa, naye asilale nayo. Anayepanda pikipiki achomeke ncha zote mbili ndani ya koti, akiwa bado chini.