Mvua ya mapema Ukambani isituhadae

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvua ya kwanza si dalili ya msimu. Inaponyesha mapema Kitui na Makueni, kila mkulima hujiuliza: nipande au ningoje? Huko mvua za vuli, Oktoba hadi Disemba, hutegemewa kuliko za masika. Ndengu zikichipuka kisha jua likawaka wiki tatu, mbegu zimepotea na pesa zimekwenda.

Mvua moja huletwa na hali ya siku chache tu. Msimu mzima hufuata zaidi joto la bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa nzito, kama 2019. Mambo yakigeuka, huja ukame, kama 2022.

Hata wakubwa hukosea. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba hakutakuwa na El Nino. Novemba mafuriko yakaja, na Pwani tuliyaona.

Nasi yanatuhusu. Mto Athi, unaopita kati ya kaunti hizo mbili, ndio huo huo unaofika Malindi ukiitwa Sabaki. Wakilowa wao, sisi hupokea maji na matope.

Basi Idara ya Hali ya Hewa na kaunti ziwafikishie wakulima utabiri wa wadi zao kwa Kikamba redioni, kabla hawajanunua mbegu: mvua itaanza lini, itakatika lini. Kuambiwa "mvua nyingi" pekee hakumsaidii mtu kupanda.