Sauti Haina Jina

Tarehe 20 Septemba 2018 Bunge la Kitaifa lilitupitishia ushuru wa mafuta kwa kelele. Wabunge walikuwa wamesimama, wanagonga meza na kupaaza sauti kupinga, na aliyekuwa kitini akaamua kwamba waliosema Ndiyo wameshinda. Wabunge haohao walikuwa wametaka VAT ya mafuta iahirishwe kwa miaka miwili. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kutia sahihi, akawarudishia mswada na pendekezo lake la asilimia 8. Ili kumkatalia Rais, zilihitajika kura 233. Majina hayakuitwa. Ushuru ukapita, na abiria wa matatu za Jogoo Road wamekuwa wakiulipa ndani ya nauli tangu hapo. Mkazi wa mtaa wetu wa Donholm akitaka kujua nani alisema Ndiyo na nani alisema La siku ile, hana orodha ya kufungua.

Nasema bila kuzunguka: kupitisha mswada wa ushuru kwa kura ya sauti ni kumnyang'anya mpiga kura haki yake. Ibara ya kwanza ya Katiba yetu ya 2010 inasema mamlaka yote ni ya wananchi, na kwamba wanaweza kuyatumia kupitia wawakilishi waliowachagua. Mwakilishi ambaye siwezi kuona amefanya nini kwa mamlaka yangu hajaniwakilisha. Amejificha ndani ya umati wa wenzake 348, na umati hauwezi kuitwa mtaani ujieleze.

Hata chama cha akina mama wa ploti moja kina kitabu kinachoonyesha nani ametoa na nani hajatoa, na kitabu hicho husomwa kwa sauti mbele ya wote. Bunge linaloamua bei ya mkate wa nchi nzima linaridhika na mngurumo.

Tuliona tofauti tarehe 25 Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipigiwa kura kwa majina: 195 wakaafiki, 106 wakapinga. Kabla ya usiku kuingia, kijana aliyeketi na simu pale stendi ya Caltex aliweza kukwambia mbunge wa kwao alisimama wapi. Vijana waliuawa siku hiyo nje ya Bunge, na hakuna hesabu ya kura itakayowarudisha. Lakini siku iliyofuata Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule, na wabunge waliporudi vijijini na mitaani walikuta watu wanawauliza kwa majina, mmoja mmoja, juu ya jambo moja mahususi walilolifanya. Hilo lilikuwa jipya katika siasa zetu. Mbunge wa Kenya amezoea kuulizwa kuhusu basari, matanga, barabara ya mtaa na lori la maji. Kuulizwa kuhusu kura kulimtia hofu.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Juni 2025, Mswada wa Fedha wa mwaka huo ukapita. Kwa sauti. Ndiyo, La, umepita, nendeni nyumbani. Sioni maelezo mengine isipokuwa kwamba wamejifunza. Hawakujifunza kutusikiliza, walijifunza kutoacha alama.

Nawajua watakaonijibu. Watasema kura ya majina inamweka mbunge hatarini mbele ya wakubwa wa chama, kwamba sauti humpa nafasi ya kufuata dhamiri yake. Hoja hii imesemwa sana, nami naikataa kabisa. Mkubwa wa chama hahitaji Hansadi. Ana kiranja wake ukumbini anayetazama midomo. Serikali siku zote hujua nani ameiasi. Katika mfumo huu, asiyejua ni mtu mmoja tu, yaani yule aliyepanga foleni alfajiri kumchagua mbunge huyo. Na mwenye dhamiri hujitokeza hata bei ikiwa kubwa. Mwaka 1975, ripoti ya mauaji ya mbunge J.M. Kariuki ilipofikishwa Bungeni, Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu walipiga kura kinyume na serikali yao wenyewe. Wote watatu walipoteza kazi. Nusu karne imepita na bado tunawataja, kwa sababu kura zao zilikuwa na majina.

Tena wanasiasa wetu hawakuona aibu kutuanika sisi. Katika mchujo wa KANU wa 1988 walitupanga mlolongo uwanjani, kila mtu nyuma ya mgombea wake, chifu anatazama, jirani anatazama, mwajiri anatazama. Mwananchi mnyonge alilazimishwa kupiga kura mchana kweupe. Mbunge mwenye mshahara, gari na mlinzi ndiye anayestahili pazia?

Wengine watalalamikia muda. Ukumbi wa Bunge ulifunguliwa upya Agosti 2012 baada ya ukarabati mkubwa, ukiwa na mitambo ya kupiga kura kwa kubonyeza kitufe kwenye kiti cha mbunge. Tuliigharamia. Itumike.

Sasa niseme na mbunge wetu. Embakasi Mashariki ilimchagua Babu Owino mwaka 2017, ikamrudisha 2022. Sauti anayo, wala simlaumu kwa kunyamaza. Mswada wa Fedha wa 2024 aliupinga hadharani na nilimuunga mkono. Wapo wabunge ambao Mzalendo, shirika linalofuatilia Bunge, limekuwa likiwataja kila mwaka kwenye ripoti zake kwa kukaa mwaka mzima bila kutamka neno ukumbini, na hao ni fedheha kwa waliowatuma. Ila sisi wa Donholm tunajidanganya tukidhani kuwa na msemaji mkali kunatosha. Tumezoea Jacaranda. Uwanja ule umewaona vigogo wa kila mrengo, umepigwa vitoa machozi, umeshangilia mpaka koo zikakauka, na umetufundisha kumpima kiongozi kwa jinsi anavyoshika maikrofoni. Hotuba ya Bungeni inayosambaa kwenye simu zetu kwa dakika mbili ni Jacaranda ileile, ila hii ina zulia. Mswada unaweza kuchambuliwa kwa ufasaha asubuhi na kupitishwa kwa mngurumo jioni, na sheria itakayokubana ni ile ya jioni.

Na basari? Naijua thamani yake. Kuna watoto Savannah na Greenfields wasingemaliza shule bila NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge. Lakini Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba, na mapema zaidi, Agosti 2022, Mahakama ya Juu ilisema hivyo kuhusu sheria iliyoitangulia ya 2013. Kugawa pesa za maendeleo hakukuwa kazi ya mbunge tangu mwanzo. Kazi yake imeandikwa katika Ibara ya 95: kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa, kuisimamia serikali. Yote matatu hufanyika kwa kura.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakudai mambo mawili kabla hujatuomba kura nyingine ya cheo chochote. Kwanza, leta hapa Donholm orodha ya kila mswada uliopigiwa kura tangu 2022, na mbele ya kila mmoja uandike: niliafiki, nilipinga, au sikuwapo. Ibandike ofisini kwako, na ibandike pia kwenye ukuta wa chifu, kwa Kiswahili ambacho mama mboga wa Phase 8 atakisoma bila wakili.

Pili, Juni ikifika na Mswada wa Fedha ukasomwa kwa mara ya tatu, Spika atauliza wanaoafiki waseme Ndiyo. Kabla mngurumo haujatulia, simama udai majina yaitwe. Kanuni za Kudumu zinakuruhusu, mradi wenzako wa kutosha wasimame nawe. Wasiposimama, toka nje siku hiyohiyo utusomee majina ya waliobaki wameketi. Anza na wa Nairobi.