Tusiseme Tena "Mashini Imekufa"



Trimestre iliyopita ordinatere ya sekretariati ilikataa kuwaka. Sisi wa komite ya wanafunzi tukatumwa kuibeba kwa fundi mjini. Fundi akauliza: "Iko na ugonjwa gani?" Tukajibu wote pamoja: "Imekufa!" Kisha juma mbili tukairudisha. Inawaka, ndiyo, lakini inatembea sawa konokono. Karatasi ya kununua inasema ilikuwa na ramu ya giga 8. Leo yenyewe inaonyesha 4. Hatusemi fundi aliiba. Hatuna ushahidi, juu hakuna mtu aliyeifungua na kuhesabu mbele ya kuipeleka. Na hata tungeifungua, nani kati yetu angejua bareti ya ramu iko namna gani?

Ni aibu, juu mambo haya yote tuko nayo katika kaye. Kila mwaka tunaandika "sehemu za nje, sehemu za ndani", tunakariri, tunapata pointi, tunasahau.

Basi tuseme kwa maneno ya nyumbani. Ile sanduku ni inite santrali. Wengi wanaiita disiki, wanakosea. Disiki ni kitu kimoja tu ndani yake, njo gala: unachoweka kinabaki hata umeme ukikatika. Ramu ni meza ya kazi, na umeme ukienda meza inafagiwa yote. Njo sababu barua inapotea kama mwenye kuiandika hakuiweka kwenye disiki, na umeme wa hapa kwetu tunaujua! Meza ikiwa ndogo, kazi inakawia hata kama gala ni kubwa: njo ile konokono yetu. Prosesere njo mwenye kuhesabu. Anapata moto sana, kwa hiyo wanamwekea feni juu. Vumbi ikijaa pale, mashini inaweza kujizima yenyewe. Alimentasio inapokea umeme wa volti 220 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3,3. Pengine "mashini imekufa" ni hiyo tu imeungua. Vyote vinaungana kwenye karte mama. Pale kuna pia pile ndogo ya mviringo, ya volti 3, inayolinda saa. Mwaka jana mashini ilipoanza kuandika tarehe ya zamani, wengine walisema virusi, mmoja hata alisema mapepo. Ilikuwa pile.

Kuna kitu kinatuuma zaidi. Sisi watoto wa Kivu tunasikia habari za koltani na kasiterite tangu utoto, za Masisi na za Walikale. Koltani inatoa tantali, ya kutengeneza kondansatere ndogo ndogo. Kasiterite inatoa bati ya kushikamanisha vipande juu ya karte. Jina la jiwe tunalijua. Jina la kitu kinachotoka ndani yake hatulijui.

Katika depo kuna ordinatere moja ya zamani, inakula vumbi bure. Tunamwomba Bwana Prefe atuachie Jumamosi moja nyuma ya salongo, tuifungue. Turnevisi tutatafuta wenyewe. Wadogo zetu wa mwaka wa tatu washike wa kwanza, si sisi finalisti; sisi tunaenda. Na tangu sasa, mashini yoyote ikitoka hapa, iandikwe katika kaye: disiki ya giga ngapi, bareti ngapi, za giga ngapi. Fundi atie sahihi chini.

Kwa komite ya wanafunzi,
Doyen