Tumejuaje? Ilani ya Wauguzi na Wakunga Wanaouliza

Ndugu wauguzi, ndugu wakunga, nanyi wanafunzi mnaoshika sindano kwa mara ya kwanza: wakati wetu umewadia. Zama za "ndivyo tulivyokuta" zimekwisha, wala hatuziwekei matanga. Zilipewa miaka mingi zijieleze, na jibu lao likabaki lile lile: mkubwa kasema, nyamaza, fanya kazi. Leo tunapandisha bendera yenye neno moja, na neno lenyewe ni swali. Tumejuaje?

Tunakataa mazoea yanayojiita maarifa. Kwa miaka mingi mtoto aliyeletwa na homa kali, mikono na miguu imepoa, mapigo yanakimbia, alitundikiwa dripu na kumiminiwa maji ya mshipani kwa haraka. Vitabu viliagiza hivyo, na akili ya kawaida ikaafiki: damu haizunguki vizuri, basi ongeza maji. Kisha wakatokea waliouliza. Katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwamo, jaribio la FEAST liliwapanga kwa kura watoto 3,141. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa haraka, zaidi ya 10 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakumiminiwa, walifariki 7 hivi. Tulichodhani ni msaada kilikuwa kinawaongezea hatari. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hapo ndipo penye funzo: nia njema haikutosha, na haitatosha kamwe.

Tunaamini kuwa ushahidi haukai ng'ambo peke yake. Umepimwa kwenye vitanda vyetu, kwa vipimajoto vyetu, kwa watoto wanaoitwa majina yetu. Mtazameni mtoto njiti. Desturi ya zamani ilikuwa mama wodi hii, mtoto chumba kile, na kusubiri hadi hali itulie ndipo akutanishwe na kifua cha mama yake. Matunzo ya kangaroo yalianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, pale inkubeta zilipokuwa hazitoshi. Lakini je, kuna haja ya kusubiri? Swali hilo liliulizwa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Jibu lilitoka mwaka 2021. Waliowekwa kifuani mapema, ngozi kwa ngozi, walifariki 12 katika kila 100 kabla ya kutimiza siku 28; waliosubirishwa, karibu 16. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa faida ilikwisha kujidhihirisha. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Kifua cha mama na kanga ya kumfungia mtoto: vyote viwili tulikuwa navyo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, akapima, akaandika.

Tunakataa, kwa nguvu ile ile, ushabiki wa karatasi. Utafiti si hirizi ya kuvaliwa shingoni. Nepal, Bangladesh na Pakistan zilionesha kuwa kupaka kitovu cha kichanga dawa ya klorheksidini kunapunguza vifo. Tungeweza kuishia hapo tukashangilia. Pemba hawakuishia hapo. Waliwafuatilia vichanga zaidi ya 36,000, na matokeo ya mwaka 2016 hayakuonesha tofauti ya vifo ya kutegemewa. Dawa ile ile, kitovu kile kile, mahali pengine. Hata FEAST nayo ina mipaka: haikuwahusisha watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha. Atakayewanyima hao maji kwa kusingizia FEAST atakuwa ameshika nusu ya ushahidi, na nusu ya ushahidi huua. Kwa hiyo swali letu lina ndugu zake: walikuwa wagonjwa gani, wangapi, wapi, na je, wodi yao inafanana na yangu?

Tunaamini kuwa swali ni kifaa cha kazi, sawa na kanula na kipimajoto, na kama kifaa chochote lina namna ya kushikwa. Saa nane za usiku mkunga ameketi mezani, simu mkononi, wodi imetulia. Swali lake la kwanza ni "njiti atunzweje?", pana kama bahari; akilitupa hivyo kwenye kanzidata ataletewa maelfu ya makala na usingizi. Basi analipasua vipande vinne. Ni mgonjwa yupi? Mtoto wa kilo 1 na nusu. Tunataka kufanya nini? Kumweka kifuani mara moja. Tunalinganisha na nini? Kusubiri hali itulie. Tunatazamia nini? Awe hai siku ya 28. Kila kipande anakipa visawe vyake na kuviunganisha kwa "au"; kisha vipande vyenyewe anaviunganisha kwa "na". Anaanza na mapitio ya kimfumo, yanayokusanya tafiti nyingi na kuzipima kwa pamoja. Yakikosekana ndipo ashuke kwenye jaribio moja moja. Mezani yamebaki makala machache. Chai haijapoa. Hii si kazi ya maprofesa peke yao, ndugu. Ni kazi ya zamu.

Tunakataa maarifa yaliyofungiwa kabatini. Kanzidata ya makala za tiba, PubMed, iko wazi kwa umma bila malipo tangu mwaka 1997. HINARI, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa mwaka 2002, inazifungulia taasisi za nchi kama Tanzania na Uganda maelfu ya majarida ambayo vinginevyo yangeuzwa kwa bei ya kukatisha tamaa. Mlango upo. Lakini mara ngapi neno la siri limelala kwenye droo ya ofisi moja, na mwenye droo yuko likizo? Mara ngapi muuguzi ametafuta kwa bando lake mwenyewe, likakata katikati ya ukurasa? Tunataka neno la siri lifike wodini. Tunataka intaneti ihesabiwe miongoni mwa vifaa tiba, kwenye orodha ile ile ya glavu na pamba. Tunataka saa ya kusoma iandikwe kwenye ratiba ya zamu, isiibwe kwenye usingizi wetu.

Tunaamini kuwa ushahidi usiosemeka kwa Kiswahili haujamfikia mgonjwa. Bibi amekuja kumwona mjukuu aliyezaliwa alfajiri. Amebeba beseni, ameleta maji ya vuguvugu, anataka mtoto aogeshwe kama walivyoogeshwa baba zake. Tukimwambia "mwongozo umekataza", tumemshinda bila kumwelimisha, na akifika nyumbani ataogesha. Tukimwambia, "Shikamoo bibi, mtoto huyu ametoka kwenye joto la tumbo, mwili wake bado haujajua kujipasha, tumwache saa 24 kifuani kwa mama yake, kesho uje umwogeshe wewe mwenyewe," tumetafsiri utafiti mzima kwa pumzi moja. Tunataka kila mwongozo mpya uje na ukurasa mmoja wa Kiswahili safi, ubandikwe ukutani, usomwe na muuguzi, mhudumu wa afya wa kijijini na bibi mwenye beseni.

Tunakataa kuambiwa kuwa muuguzi ni mikono tu na kichwa ni cha mwingine. Kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa kumkumbuka Florence Nightingale, mwanamke wa taa. Mbona tumesahau daftari lake? Alirudi kutoka vita vya Krimea na takwimu, na mwaka 1858 akachora michoro iliyoonesha wazi kuwa askari walikuwa wakifa zaidi kwa maradhi yanayozuilika kuliko kwa majeraha. Taa ilimwonesha wagonjwa. Daftari liliwatikisa wakubwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: na uhai pia.

Tunaamini katika wodi inayokuja, nasi tunaiona kama tunavyouona mlango ulio mbele yetu. Humo mwanafunzi atamuuliza matroni "tumejuaje?" na matroni hatanuna, atavuta kiti. Humo daktari na muuguzi watabishana kwa ushahidi mezani, si kwa cheo kifuani. Humo mambo tuyafanyayo kila siku, namna ya kusafisha kidonda, muda wa kuacha katheta, saa za kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, yatakuwa na sababu inayojulikana, na sababu hiyo ikianguka, jambo lenyewe litaanguka nayo bila aibu kwa mtu. Humo mkunga wa zahanati ya mbali hatasoma tu tafiti za wengine. Atapeleka swali lake, na swali lake litakuwa chanzo cha utafiti ujao.

Hatusubiri wodi hiyo ishushwe kutoka wizarani. Tunaanza na tulichonacho, na tunaahidiana hivi. Kila wodi ichague swali moja kwa mwezi, moja tu, litokalo kitandani. Wawili walitafute, mmoja akiwa mzoefu na mwingine mgeni wa kazi. Jibu waliandike kwa Kiswahili, nusu ukurasa, pamoja na udhaifu wake, na kulisoma mbele ya wote wakati wa kukabidhiana zamu. Tukibadili jambo, tuhesabu kabla na baada. Tukikuta tulikosea, tuandike hivyo kwa wino, maana kosa lililoandikwa ni mwalimu, na lililofichwa hurithiwa.

Ndugu, mnajua kukabidhiana zamu kulivyo. Mwenye usiku anasimama, macho mekundu, anasoma daftari: kitanda namba 3, homa imeshuka, namba 7, mtoto ananyonya. Anayeingia hamlaumu anayetoka. Anavaa glavu, anashika kalamu, anauliza asichokielewa. Zamu ndefu ya "ndivyo tulivyokuta" imesoma daftari lake hadi ukurasa wa mwisho. Tunalipokea. Na kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa mpya tunaandika, kwa mkono wetu wenyewe: Tumejuaje?