Vyeti peke yake havitoshi



Naomba nafasi niseme machache juu ya walimu wa sayansi.

Mwaka 2014 wananchi tulichangishwa kujenga maabara tatu kwa kila sekondari ya kata. Mwaka 2016 wanachuo zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, Chuo Kikuu cha Dodoma, walirudishwa nyumbani, na mazungumzo mengi yakawa ya vyeti: nani ana sifa, nani hana.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya shule. Nimemwona mwenye shahada akikwepa kupima nguvu ya asidi mbele ya wanafunzi. Akachora bureti ubaoni, akaendelea na maelezo. Si mvivu. Alikosomea, kumi walizunguka bureti moja na aliyeishika ni mmoja. Sasa anachelea kwamba rangi isipobadilika watoto watamcheka (na wa siku hizi hucheka kweli).

Kwetu kemikali hununuliwa mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, hivyo mwalimu hulikuta jaribio siku moja na wanafunzi wake. Naiomba Wizara kemikali zifike mapema, mwalimu ajaribu kwanza jioni darasa likiwa tupu. Nao wathibiti ubora, wakisha kukagua andalio la somo, waombe kumwona akifanya jaribio.

Fundi Sanifu,
Morogoro.