Udogo wa Chuo ni Hazina, Tusiuuze

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, kijana wa Seme, Nyakach au Rusinga huulizwa swali moja na kila amkutaye njiani: "Utasomea nini?" Aghalabu hakuna amwulizaye atasoma namna gani, wala kama mwalimu wake atamjua kwa jina. Kwa maoni yangu, swali hili la pili lina uzito kuliko la kwanza, na vyuo vya kandokando ya Ziwa Viktoria vinajidhulumu kwa kulipuuza.

Swali la kwanza limekwisha kupata jibu la kiserikali. Chini ya mtaala mpya, mwanafunzi wa shule ya upili ya juu huwekwa katika mmojawapo wa mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Lengo lililotangazwa ni kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa kwanza. Sina ugomvi na sayansi. Taifa lisilo na wahandisi wala madaktari ni taifa la kuombaomba. Ninachokihofia ni ukuta unaojengwa baina ya mikondo hiyo, hata mtoto akaaminishwa kwamba aliyechagua fizikia hana haja na historia, na aliyechagua fasihi ameagana na hesabu.

Hebu tuwatazame waliotutangulia. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, alifanikisha safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani. Wengine wengi walifuata katika miaka michache iliyokuja, na baadhi yao waliingia katika vyuo vidogo ambavyo wenyeji wa Nairobi wala Kisumu hawakuwa wamepata kuvisikia. Miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, aliyejiunga na chuo cha wanawake cha Mount St. Scholastica, katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Huko alisomea biolojia, lakini pia alisoma kemia na Kijerumani. Mwanabiolojia huyo ndiye baadaye aliyeweza kuzungumza na wanawake wa vijijini juu ya miti, na wakati huohuo akabishana na serikali juu ya haki. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wala si lazima tuvuke bahari kutafuta mfano. Bethwell Ogot, mwana wa Gem aliyesoma Maseno, alijifunza hisabati Makerere, siku ambazo chuo hicho kilikuwa na wanafunzi mamia machache tu. Akaifundisha hisabati, kisha akawa mwanahistoria mashuhuri. Kitabu chake juu ya historia ya Waluo wa Kusini, kilichotoka mwaka 1967, kiliyapa masimulizi ya wazee hadhi ya ushahidi. Mkewe, Grace Ogot, alikuwa muuguzi kwa mafunzo, na bado riwaya yake ya mwaka 1966 ikamweka katika safu ya mbele ya waandishi wa Afrika Mashariki. Lau wawili hawa wangaliambiwa wasivuke mipaka ya fani zao, tungalikuwa maskini zaidi leo.

Ziwa lenyewe linatufunza somo hilo. Magugumaji yalipotanda katika Ghuba ya Winam miaka ya 1990, wanasayansi walileta fukusi wa kuyala. Magugu yakapungua, kisha yakarudi, kwa kuwa maji yenye rutuba ya mbolea na uchafu wa miji yaliendelea kutiririka. Hapo swali si la biolojia tu. Ni la sheria, la uchumi na la uadilifu. Vivyo hivyo, mbuta aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 aliangamiza aina nyingi za samaki wadogo, lakini pia akajenga viwanda. Na ile desturi chungu iitwayo jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kuutoa mwili wake ili auziwe samaki, haitatibiwa na daktari peke yake. Ziwa halijui mipaka ya vitivo.

Je, vyuo vyetu viko tayari? Maseno, iliyotokana na kuunganishwa kwa Chuo cha Walimu cha Siriba na Taasisi ya Mafunzo ya Serikali mwaka 1990, imezaa vyuo vya Bondo na Homa Bay. Katika vyuo vikuu vyetu, masomo ya lazima kwa wote yamo katika ratiba, kama vile stadi za mawasiliano. Kwenye karatasi, basi, upana wa elimu upo. Lakini somo hilo linapofundishwa katika ukumbi uliofurika, ambamo mhadhiri hamwoni aliyeketi nyuma, wanafunzi hukariri, hupita mtihani, na wengine hutegemea mwakenya. Umati huua mjadala, na pasipo mjadala upana huo hubaki jina tu.

Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo atasema kwamba falsafa haipikwi sufuriani. Ana haki ya kusema hivyo. Ila amwulize mwajiri anamtaka nani: mtu aliyekariri maarifa yatakayochakaa baada ya miaka mitano, au mtu awezaye kusoma, kuandika, kupima ushahidi na kujifunza kazi mpya?

Ninayopendekeza hayahitaji majengo mapya. Kwanza, kila somo la lazima ligawanywe katika vikundi vya wanafunzi kama kumi na watano, wakutane saa moja kwa juma na kusomeana insha zao. Wanafunzi wa uzamili wanaweza kuviongoza. Pili, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ashirikiane na wenzake wa vitivo vingine kuchunguza tatizo moja la ziwa, na matokeo yasomwe mbele ya wavuvi na wachuuzi kwa Kiswahili na Kidholuo. Tatu, wanafunzi wenyewe waifufue mijadala ya jioni mabwenini, pasipo kungoja ruhusa wala alama.

Vyuo vikuu vya mijini vitatushinda kwa maabara na kwa fedha. Haviwezi kutushinda kwa mwalimu anayemjua mwanafunzi wake kwa jina, maadamu hatujauza udogo wetu kwa tamaa ya idadi. Walimu na wanafunzi wa ukanda huu wa ziwa, hazina hiyo i mikononi mwenu. Anzeni muhula huu.