Nishati ya mimea ianzie jikoni, si kwenye magari

Nikitaja Majengo, msomaji wa Mombasa atadhani ni ya kwao. Nazungumzia Majengo ya Nairobi, kule Pumwani karibu na soko la Gikomba, ninakoishi. Mitaa hii miwili ina mengi ya kufanana, na moja ni hili: mnyonge hununua mafuta ya taa kidogo kidogo, na bei ikipanda yeye ndiye wa kwanza kuumia.

Septemba mwaka wa 2023, EPRA ilitangaza mafuta ya taa kuwa shilingi 202.61 kwa lita jijini Nairobi. Oktoba yakafika shilingi 205.06. Serikali ililaumu soko la dunia, na ni kweli lilikuwa limepanda. Lakini ni sisi wenyewe tulioongeza VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai mwaka huo. Isitoshe, tangu 2018 mafuta ya taa yanatozwa shilingi 18 zaidi kwa lita, ili kuwazuia matapeli wasiyachanganye na dizeli. Kosa ni la mwenye lori, adhabu inalipwa na mama anayepika.

Nayo Kenya haina mafuta yake sokoni. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu hapo kila lita inashuka bandarini ikiwa tayari imesafishwa ng'ambo. Shilingi ikiteleza mbele ya dola, sufuria ya Majengo inahisi.

Ndiyo sababu naunga mkono spiriti ya kupikia inayotokana na mimea. Kufikia 2023, katika mitaa mingi ya Eastlands watu walikuwa wameizoea kupitia mashine za Koko zilizokuwa madukani: ulinunua kadiri ya pesa uliyokuwa nayo, ukapika, na chumba hakikunuka moshi. Spiriti hii inaweza kutengenezwa kwa molasi, yale masalio ya kiwanda cha sukari. Si jambo geni kwetu. Miaka ya 1980 spiriti ya Muhoroni ilichanganywa na petroli na kuuzwa hapa Nairobi, kabla ya mpango huo kufifia.

Hata hivyo, watu wa Pwani wana haki ya kuuliza: ardhi itatoka wapi? Hawajasahau Dakatcha, karibu na Malindi, ambako wawekezaji walitaka hekta 50,000 za kupanda mbono kaburi. Wenyeji na watetezi wa msitu walisimama kidete, na mradi ukakwama. Huko Kisarawe, Tanzania, vijiji viliachia kampuni ya Sun Biofuels zaidi ya hekta 8,000. Kufikia 2011 kazi ilikuwa imesimama. Ardhi imekwenda na ajira haikudumu.

Funzo lake ni kwamba mafuta ya mimea yanayodai shamba jipya, tena kwa ajili ya magari ya mbali, humnyang'anya mkulima chakula na ardhi. Yale yatokanayo na masalio ya kiwanda hayamwondoi mtu kwao. Tukiyapima yote kwa kipimo kimoja tutakuwa tumekosea.

Molasi nayo ina mipaka yake. Julai 2023 usagaji wa miwa ulisimamishwa magharibi mwa nchi kwa kuwa miwa michanga ilikuwa ikivunwa kabla ya wakati. Bila miwa hakuna molasi, na bila molasi spiriti itaagizwa kutoka nje kama petroli. Halafu bei nafuu ya majiko hayo ilibebwa na fedha za biashara ya hewa ukaa. Fedha kama hizo zikikatika, mteja huachwa na jiko lisilo na mafuta.

Kwa hivyo naiomba serikali mambo matatu. Kwanza, iondoe kodi zote kwenye spiriti ya kupikia, na sheria iseme hivyo bila utata. Pili, ifufue viwanda vya sukari huku ikiwalipa wakulima kwa wakati, maana mkulima asiyelipwa hung'oa miwa. Tatu, kusitolewe hekta hata moja ya ardhi ya jamii kwa mafuta ya mimea kabla wenyeji hawajakaa baraza na kukubali.

Petroli haitaondoka kesho, na lori la Mombasa hadi Malaba litaendelea kunywa dizeli. Lakini chakula cha jioni cha Majengo, ya huku na ya huko, hakina haja ya kusubiri tangazo la EPRA kila tarehe 14.